Futi Kumi kwa Kumi

Saa nane usiku, Chiromo.
Feni ya kompyuta inakoroma kumshinda bawabu.
Nahesabu jozi.

Viini viwili vya risasi (ile ya betri,
si ile iliyotutoa mbio Mukuru)
viligongana ng'ambo, chini ya ardhi,
mwaka ambao sikuwa hata na viatu vya shule.
Pakawaka kitu
kidogo kuliko jina lolote utakalokipa,
kikazima kabla mwanga haujavuka atomu moja.

Hakuna aliyekiona. Hakuna atakayekiona.
Zinazotufikia ni pioni, maelfu kwa maelfu,
kila moja na kasi yake,
na hakuna hata moja inayokumbuka mlango.

"Usimuulize mmoja," husema Daktari Gakenia
akitafuna kifuniko cha kalamu.
"Mmoja hana ushahidi. Uliza wawili,
tena wanaofanana hadi mama yao akosee."

Basi natafuta pacha.
Pacha hupenda kwenda sambamba,
nami nachora usambamba wao, mstari unainuka kilima.
Hapa pana jambo nililolikataa wiki mbili:
kilima kikiwa chembamba, chanzo kilikuwa kikubwa;
kikiwa kipana, chanzo kilikuwa kidogo.
Kadiri walivyobanana walikotoka
ndivyo wanavyofanana hata wakiachana mwendo.

Mukhwana, hapo nikakukumbuka.

Picha hatuna. Tingatinga lilikuja alfajiri,
na sasa barabara inapita juu ya kitanda chetu
kilomita themanini kwa saa.
Wewe wasema chumba kilikuwa na madirisha mawili.
Mimi nasema moja, na lenyewe gunia.
Wewe wasema Mama alipikia upande wa mlango.
Tunabishana hadi salio linakwisha,
wewe Doha, ukikunja mashuka ya wageni,
mimi hapa, nikikunja takwimu.

Ili nijue ukaribu ni nini
lazima kwanza nioanishe wasiojuana:
pioni ya mgongano huu, pioni ya mgongano ule,
kama watu wawili waliofuatana tu kwenye foleni ya benki.
Kati yao hamna kitu, na hiyo "hamna" ndiyo naihitaji.
Nagawanya jozi zangu kwa hizo.
Kinachobaki ndicho undugu.

Kisha kuna chaji. Zao ni moja, kwa hiyo husukumana,
na wanaokaribiana mno ndio husukumana zaidi.
Usipotoa ugomvi kwanza, utapima ugomvi.
Nimejaribu kutoa:
simu uliyonikatia siku ya mazishi,
bili ya hospitali, kile kishamba cha Webuye,
neno "msomi" ulivyolitamka.
Hesabu yake ni ndefu. Nimeirudia mara tatu
na bado kuna bonde dogo kwenye kilele.

Saa kumi kasoro, jibu limetoka.
Nusu kipenyo: sita nukta moja,
ukiongeza au ukipunguza nukta tatu,
kwa kipimo ambacho milioni ya milioni yake
hufanya milimita moja tu.
Nimeliandika kwenye daftari kwa penseli.
Sijamwambia mtu.

Ujumbe wako wa sauti uliingia nikiwa naandika.
Umenunua kitanda, wasema, kipana, cha peke yako,
"na bado, Mulongo, naamka nimekunja magoti,
nimejibana ukutani, nikimwachia mtu nafasi."
Unacheka. Nyuma yako mashine inafua.

Nikatazama chini ya meza.
Ukumbi mzima ni wangu, viti arobaini vitupu,
na magoti yangu yako kidevuni.

Kwa hiyo naweza kukuambia ukubwa wa kile chumba
bila picha, bila hati, bila kuomba ramani kwa mtu.
Futi kumi kwa kumi, Mukhwana,
ukiongeza au ukipunguza moja.

Lakini dirisha lilikuwa moja.